Upepo wa jana usiku Mtwara

Jamani watu wa Mtwara mmeamkaje, huku Shangani upepo wa jana haukuwa wa mchezo, bati la jirani limelala juu ya mwembe wetu na umeme umekata tangu usiku, simu ina asilimia 9 hapa najibana tu. Mabeseni yote sebuleni yanakinga maji. Mama kahamishia gunia la mkaa chumbani kwangu, eti "wewe ukilowa utakauka, mkaa wangu je?" 😂

Sasa muulize bibi kama ana wasiwasi. Anasema mwaka 2019 kile kimbunga Kenneth tulitangaziwa tuhame mabondeni, shule zikafungwa, watu tukabeba magodoro, mwisho wa siku kikapiga Msumbiji wenzetu wa Cabo Delgado wakaumia vibaya. Ndo maana kimbunga Hidaya kilivyokuja Mei 2024 wengi tulikichukulia poa, kumbe mvua yake ikakata barabara ya Dar huko Kilwa, mabasi yakakwama, mizigo ikawa haifiki, mi naona siku hizi TMA, wale wa hali ya hewa, wakisema kaa ndani we kaa tu, kutania baadae.

Leo wavuvi hawajatoka kwahiyo kitoweo ni kisamvu cha nazi na ugali wa muhogo, sio mbaya kwa kweli.

Mwenye kujua kama kivuko cha Msangamkuu kinafanya kazi anijuze basi, shangazi yuko ng'ambo na dawa zake za presha kaziacha hapa kwetu.