Maharage huanza usiku wa jana yake: ninavyopanga milo kwenye simu

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu jioni. Simu ikalia: "Chakula cha jioni: maharage." Nikafungua kabati, nikatoa mfuko, nikasikia punje zikigongana kwa ukavu kama changarawe. Hakuna aliyeyaloweka. Usiku ule tulikula mkate na mayai, na ile kazi ikalala kwenye orodha bila tiki, ikinisubiri kesho yake kwa rangi nyekundu.

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nianze kupanga milo kwa Todoist, programu ileile ninayoandikia kazi za ofisini. Nilijaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja siku ya Jumapili: milo 3 kwa siku, siku 7, visanduku 21. Ilipendeza kuitazama. Kumbe nilichoandika ni majina ya vyakula, na jina la chakula si kazi. Maharage "hayafanywi" saa kumi na mbili jioni. Yanachambuliwa na kulowekwa usiku wa jana yake, asubuhi yanamwagwa maji, ndipo jioni sufuria iinjikwe.

Basi nikaanza upya. Chini ya kila mlo nikaweka kazi ndogondogo, kila moja na saa yake, na kila moja ikianza na kitenzi. Kwa maharage mekundu ikawa hivi: saa tatu usiku, "chambua, loweka", saa kumi na mbili asubuhi, "mwaga maji, weka friji", saa kumi na moja jioni, "injika kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30, kisha endelea hadi yaive." Hizo dakika 30 sikuziandika kwa kupendezesha. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na moto mdogo hauiondoi. Lazima yatokote hasa. Nikiwa nimechoka sitaki kutegemea kumbukumbu kwa jambo la namna hiyo, bora lisomeke palepale. Kuku naye ana kazi yake ya jana yake: "hamisha kutoka friza kwenda friji." Kazi ya sekunde 10, lakini ikisahaulika mlo wote umeharibika.

Wiki ile ya kwanza ya mpango mpya, mwenzangu aliniuliza jioni moja, "Leo tunakula nini?" Nikamwambia aangalie kwenye friji. Kuku alikuwa keshayeyuka, mboga zimeoshwa. Hatukujadiliana tena, tulianza kupika.

Jambo lililonisumbua zaidi ni ile rangi nyekundu. Kazi ya ofisini usipoifanya leo, kesho bado unadaiwa. Mlo sivyo. Chakula cha mchana cha jana ambacho hukula, hukula, basi. Huwezi kukilipa leo kwa kula mara mbili. Lakini orodha yangu haikujua tofauti hiyo, na kila asubuhi nilikuta milo iliyopita imerundikana juu kama madeni. Ilinivunja moyo hadi nikakaribia kuacha kabisa. Siku hizi mlo uliopita bila kuliwa naufuta asubuhi inayofuata, sijiulizi mara mbili. Kinachohamishwa mbele ni kile kilichopo kweli: mboga iliyonunuliwa, nyama iliyokwisha kuyeyushwa. Hiyo haisubiri, inapangiwa mlo wa leo.

Na kiporo. Hapa ndipo programu imenisaidia kuliko pengine popote. Kila kikibaki chakula, kabla sijafunga chombo naandika "maliza wali" au "maliza mchuzi", tarehe ya mwisho siku ya tatu. Mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani unatoa siku 3 hadi 4 kwa chakula kilichopikwa kikiwa ndani ya friji. Mimi nimechukua 3 ili nibaki na siku ya akiba. Pia nina kengele ya saa mbili baada ya kupakua, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Zamani tulikuwa tunavuta chombo kutoka nyuma ya friji, tunakinusa, tunabishana. Sasa tarehe ipo.

Kukagua friji nako nimekuwekea kazi inayojirudia, na Todoist ina tofauti ndogo hapa inayofaa kujulikana. Ukiandika "every 7 days", tarehe inayofuata huhesabiwa kutoka ile iliyopangwa. Ukiongeza alama ya mshangao, "every! 7 days", huhesabiwa kutoka siku uliyoikamilisha. Nimechagua ya pili. Nikichelewa siku 3, hainirudii baada ya siku 4.

Orodha ya ununuzi tunaitumia wawili, basi, hakuna cha kueleza.

Kuhusu kufuatilia nilichokula, nilijaribu kwanza kutegemea tiki. Haikufaa, kwa kuwa nilikuwa natiki mlo nikishaupika, hata kama niliishia kula kitu kingine. Sasa kuna kazi moja ya kila usiku, "andika ulichokula", na kwenye maoni yake naweka mstari mmoja wa ukweli. Sihesabu kalori, anayezihitaji, hasa kwa ushauri wa daktari, atafute programu iliyotengenezwa kwa hilo. Baada ya wiki 6 nilikaa nikaisoma mistari ile tangu mwanzo. Jumatano na Alhamisi zilikuwa zimejaa "mkate", "mkate na chai", "sikula". Nikakumbuka kuwa siku hizo ndizo ninazochelewa kurudi, na mimi mwenyewe ndiye niliyezipangia vyakula vya kupika saa nzima.

Jumatano sasa ni siku ya kiporo, kwa makusudi: Jumanne tunapika sufuria kubwa. Alhamisi ni mayai, dakika 15, na mboga zilizokatwa jana yake. Kifungua kinywa bado hakijakaa sawa. Nimekipanga kwa namna tatu tofauti na mistari ya usiku bado inaandika "chai tu" mara nyingi kuliko ninavyotaka. Wiki hii nimehamishia kazi yake usiku: "chemsha mayai 4, weka friji."