Ufunguo wa kabati la bunduki

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la chuma, najipapasa mifukoni, binti yangu akapita nyuma yangu akasema bila hata kusimama: "Baba, ufunguo si uko kwenye kiatu chako cheusi?"

Ulikuwa humo, kiatu cha kushoto, kwenye ncha kabisa. Ana miaka tisa. Sikumwonyesha mimi, hakuna aliyemwonyesha. Aliona tu, kama watoto wanavyoona kila kitu. Nilikaa chini pale pale sakafuni, mikono imekufa ganzi.

Kabati lenyewe halina kasoro. Bati nene, boliti nne zimezama ukutani, risasi zina kisanduku chao chenye kufuli la peke yake. Mkaguzi alipokuja kwa ajili ya leseni alilishika kwa mikono miwili akalitikisa, halikutingishika, akaridhika. Ufunguo unalala wapi hakuuliza, na mimi nikajiona nimetimiza sheria.

Tangu siku ile nimesoma sana sheria za nchi mbalimbali. Kanada, kwa mfano, bunduki ya kawaida ya kuwindia lazima iwe haina risasi, kisha ama ifungwe kifaa cha kuizuia kufyatuka, ama itolewe komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, ama ifungiwe mahali pasipovunjika kirahisi. Bastola inadaiwa zaidi: kifaa hicho pamoja na sanduku la kufuli, au sefu madhubuti. Ujerumani, anayenunua sefu ya silaha tangu 2017 analazimika kufikia kiwango cha Ulaya cha ugumu wa sefu kuvunjwa, EN 1143-1, angalau daraja la 0.

Lakini kilichonigusa ni hukumu ya mahakama ya rufani ya utawala ya Münster, huko huko Ujerumani, 2023. Wezi walipata funguo, wakafungua kabati la silaha. Mahakama ikasema ufunguo wa kabati la silaha uhifadhiwe mahali penye uimara ule ule wa kabati. Nilirudia sentensi hiyo mara mbili tatu. Ufunguo ukiwa kiatuni, basi bunduki iko kiatuni.

Uingereza nako, asiye na kibali hapaswi kuifikia silaha. Mke au mume asiye na kibali akijua ufunguo ulipo, hilo linaweza kuhesabiwa kosa la mwenye kibali. Wengi watasema ni ukali uliopitiliza. Mimi sisemi hivyo tena. Winnenden, mji wa Ujerumani, Machi 2009, kijana wa miaka 17 alichukua bastola ya baba yake akaua watu 15. Silaha nyingine za baba zilikuwa zimefungiwa. Hiyo moja ilikuwa chumbani. Baba akatiwa hatiani.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nilikuwa naisema mwenyewe: mwizi hasubiri uhangaike na kufuli. Hata Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2008 katika kesi ya Heller, ilibatilisha sharti la jiji la Washington la kuweka silaha nyumbani ikiwa imefunguliwa vipande au imefungwa kifyatulio, kwa kuwa lilimnyima mtu nafasi ya kujitetea. Hoja ina uzito. Ila zipo sefu ndogo za namba zinazofunguka kwa sekunde chache, na katika miaka yangu yote ya kumiliki bunduki, aliyeikaribia kuliko wote ni mtoto wangu.

Fundi amekuja Jumamosi, ameng'oa kitasa, amefunga cha namba. Nimechagua tarakimu ambazo si mwaka wa mtu yeyote kwetu. Alipokuwa anakusanya vifaa vyake, binti yangu akaniuliza namba ni ngapi. Nikamwambia sitamwambia, na hata mama yake sijamwambia. Akanitazama kidogo, kisha akaenda kucheza.