Giza la ziwa na ratiba ya chuo

Mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza anayetaka kutengeneza filamu fupi kuhusu wavuvi wa dagaa anatumikia kalenda mbili. Ya kwanza imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Ya pili ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, hivyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hulala mwaloni, ufukweni inakotia nanga. Mwezi huchukua siku 29 na nusu kukamilisha mzunguko. Muhula wa wiki 16 basi una vipindi vitatu au vinne vya giza. Toa kinachogongana na testi, toa kinachoangukia mitihani ya mwisho, unaweza kubaki na viwili tu.

Ndiyo maana mradi wa namna hii hupangwa wiki ya kwanza, kabla asaimenti hazijaanza kumiminika. Chora wiki zote za muhula kwenye karatasi moja, jaza testi na tarehe za kukusanya kazi, kisha juu yake weka siku za giza na za mbalamwezi. Usiku wa kurekodi uwe Ijumaa. Mitumbwi hutoka jioni na kurudi asubuhi, na aliyekesha ziwani hafuati mhadhara wa saa mbili asubuhi hata akikaa mstari wa mbele.

Siku za mbalamwezi nazo ni mali. Wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi, na wana nafasi ya kuongea. Onana kwanza na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo huo, halafu mwenye mtumbwi. Ukiwaruka, utafukuzwa na kamera yako, na ni haki yao. Rekodi mahojiano asubuhi mapema. Jua likishapanda, upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na maiki isiyo na kifuniko cha manyoya huleta mvumo ambao ni vigumu kuuondoa bila kuharibu sauti ya mtu.

Ziwani usiku, jaketi okozi si la hiari, hata kama unajua kuogelea. Simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka saa ya kurekodi. Weka kiwango cha mwanga kwenye kamera wewe mwenyewe na ukifunge kisibadilike: mtumbwi unayumba, taa inaingia na kutoka kwenye picha, na kamera inayojirekebisha yenyewe hutoa picha inayopauka na kufifia kila sekunde. Kwenye mipangilio ya ubora wa picha chagua 1080p, si 4K iliyo kubwa zaidi. Kwa simu nyingi 1080p hula gigabaiti 6 hadi 9 kwa saa. 4K hula mara mbili au tatu ya hapo na huilemea laptop ya kawaida. Ukirudi, nakili kila kitu kwenye diski mbili kabla ya kulala.

Sehemu inayoangusha wengi ni uhariri, maana hauna mwisho. Mtu hufungua programu saa moja jioni akisema atarekebisha kipande kimoja, anastuka saa nane usiku na testi iko kesho. Usijipangie saa, jipangie kazi inayokamilika: leo mahojiano ya mama anayeanika dagaa, basi. Na kabla ya kugusa programu, andika mahojiano yote kwenye daftari na upigie mstari sentensi unazozitaka. Hiyo inafanyika hata kwenye daladala au kati ya vipindi viwili, na huokoa saa nyingi za kutafuta. Asubuhi, akili ikiwa safi, iwe ya masomo.

Ukiwa na somo la utafiti, mwombe mhadhiri mapema mada yako ihusu biashara ya dagaa, ili safari moja ikupe data ya asaimenti na picha za filamu. Uliza kabla, tena kwa maandishi. Kukusanya kazi ileile mara mbili kimyakimya ni kosa la kitaaluma.

Ikifika katikati ya muhula na hujapata picha za usiku, kata filamu mara moja, kutoka dakika 15 hadi 8, na uijenge juu ya mwalo na waanikaji. Usiibe usiku wa wiki ya mitihani kufukuzia giza la mwisho. Mitumbwi itatoka tena mwezi ujao, ila sapu, mtihani wa marudio, ukishaipata inakula likizo ambayo ungemalizia filamu.