Bega langu na alama za penseli

Leo nimepiga alama ya saba ukutani. Kila Jumapili nasimama pembeni ya mlango, natembeza vidole kwenda juu kama buibui mpaka bega liseme basi, hapo nachora kamstari. Tatu za mwanzo zinakaribia kugusana, nikiziangalia nacheka.

Ilianza na begi la nguo, nalipandisha juu ya kabati kitu kikavutika begani. Hakuna kilichovunjika. Mi nikajifanya mtu wa tahadhari, nikaufunga mkono kwa kitambaa shingoni nikakaa nao hivyo karibu wiki 5, na kila mtu ananisifia eti napumzika vizuri. Kumbe nilikuwa naligandisha. Yale maumivu ya mwanzo yakaisha yakaja mengine ya usiku, ukilalia upande ule unaamka macho yamekutoka, alafu siku moja nafunga sidiria mkono haufiki mgongoni.

Daktari akaniambia legeza kabisa, akanibana kiwiko ubavuni akajaribu kuuzungusha mkono kwenda nje yeye mwenyewe. Ukagota. Akasema msuli ukichanika wewe unaweza kushindwa kuinua mkono ila mtu mwingine akikuinulia unaenda, sasa wangu ulikuwa hauendi kwa yeyote, ule mfuko unaozunguka kiungo umevimba ukasinyaa, ndo wanaita bega lililoganda. Akauliza kama nina kisukari au shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana hao ndo linawapata zaidi, na sisi wanawake wa miaka 40 hadi 60. Sina, umri tu ndo ninao. Nikauliza litaachia lini, akasema mwaka 1 mpaka 3, nikadhani kakosea kutamka.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ilinirudishia usingizi. Mazoezi nafanya nikitoka kuoga maji ya moto, naegemea meza kwa mkono mzima, mbovu unaning'inia nauyumbisha taratibu. Wale wa "vumilia, lazima iume" msiwasikilize jamani, nililazimisha siku moja nikalipa usiku mbili. Ningejua, zile siku chache za mwanzo zikipita tu ningemuuliza daktari kama naweza kuanza huku kuyumbisha, kitambaa ningekivua mapema.

Sidiria bado naifungia mbele alafu naizungusha. Ila juzi nimefika mfuko wa nyuma wa suruali, nikatoa risiti ya zamani imefuliwa mpaka imekuwa unga.