Daftari la bei

Jumamosi, 25 Novemba 2023

Mvua haijakata tangu alfajiri na umeme umeondoka tena, mgao ule ule. Watoto wamelala. Naandika kwa simu yenye chaji kidogo, na pembeni yangu kuna kaunta buku ndogo ambayo tangu Februari haitoki kwenye mkoba wangu. Jana ilikuwa ile Ijumaa ya mapunguzo, Black Friday, na nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijasahau.

Mwaka jana, Ijumaa kama hiyo, nilinunua friji. Nilikuwa nimeitamani muda mrefu kwa sababu nauza barafu za ubuyu na ukwaju hapa nyumbani Tabata, na jirani niliyekuwa namwekea barafu zangu alikuwa anahama. Bango lilikuwa limeandikwa 790,000, ikakatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake 560,000. Mstari ule ndio ulionikamata. Sikuwa nimewahi kuulizia bei ya friji ile popote kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ile 790,000 niliipokea kama nilivyoandikiwa. Kichwani nikahesabu kwamba nimeokoa 230,000. Kwenye kibubu nilikuwa na 430,000. Zilizopungua nikakopa kwenye simu palepale, nimesimama dukani, watu wananisukuma kwa nyuma wakitaka kufikia pasi na majiko. Nikakodi kirikuu, kigari cha mizigo, nikafika nyumbani nimechoka na nimefurahi sana.

Januari ikaja na mambo yake. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari ni vya mzazi, na mimi nina wawili. Kila hela iliyoingia kwenye simu ilikatwa kulipia deni kabla sijaigusa. Mtoto mkubwa alifungua shule na viatu vilivyochanika upande. Kisha Februari, katika kupita Mtaa wa Uhuru, nikaiona friji yangu. Kampuni ile ile, ujazo ule ule, rangi ile ile. 540,000, hakuna bango wala mstari mwekundu, na muuzaji akaongeza, "Maelewano yapo, dada."

Iliniuma. Ile 20,000 ya tofauti ningeweza kuivumilia. Kilichoniuma ni kwamba niliingia kwenye deni kukimbilia nafasi ambayo haikuwepo, na mwanangu ndiye aliyelipa kwa miguu yake. Siku hiyo hiyo nikanunua hii kaunta buku.

Ninachofanya ni hiki. Kila nikienda Kariakoo, hata nikiwa na safari nyingine kabisa, naulizia bei ya vitu ninavyojua nitavihitaji mwaka huu. Naandika tarehe, mtaa, bei ya kwanza niliyotajiwa, halafu bei aliyofikia muuzaji baada ya kuongea naye. Hiyo ya pili ndiyo bei yenyewe. Huwa nasema mapema kwamba leo naulizia tu, na wauzaji wengi hunijibu vizuri. Nikipelekwa dukani na winga, yule dalali wa kuleta wateja, bei siiandiki, maana ndani yake kuna cha juu chake na siwezi kujua ni kiasi gani. Winga naye anatafuta riziki, simlaumu, ila kwa kazi ya daftari lazima niingie kwenye fremu mwenyewe.

Julai nilikwenda nalo hadi maonyesho ya biashara ya Sabasaba, viwanja vya Barabara ya Kilwa. Vyombo vya plastiki vilikuwa chini kweli, kwa sababu wenye viwanda walikuwa wanauza wenyewe bila mtu wa kati. Mapazia yalikuwa bei ya Kariakoo kabisa, na juu yake unaweka kiingilio na nauli. Bila daftari ningeyabeba mapazia kwa sababu tu ni Sabasaba.

Wifi yangu anaishi Hamburg. Nilipomsimulia habari ya friji alisema kwao huko, tangu Mei 2022, sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwenye duka anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza kitu hicho katika siku 30 zilizopita. Hawezi kupandisha leo ili ateremshe kesho. Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa. Bei ya 790,000 inaweza kuwa iliwahi kutozwa, inaweza kuwa haikutozwa hata siku moja, na mimi niliyesimama mbele ya bango sikuwa na njia ya kujua. Ningependa sana tufike hapo walipofika wao. Kwa sasa nina daftari.

Basi jana. Niliomba ruhusa kazini nikatoka saa nane. Nilikuwa na vitu viwili tu kwenye orodha, pasi na blenda, na pesa taslimu 110,000. Simu niliiacha nyumbani makusudi ili nisipate pa kukopea.

Pasi ilikuwa na bango kubwa: kutoka 55,000 hadi 36,000. Nikafungua daftari. Juni, 38,000. Agosti, 35,000. Oktoba, 36,000. Nikaiweka chini. Dada mmoja aliyekuwa karibu yangu alikuwa amekwishashika mbili, moja ya kumpelekea mama yake. Nikamwonyesha ukurasa. Akausoma, akairudisha moja. Moja alibaki nayo, akasema yake imeungua na nguo za kazi zinahitaji pasi kesho. Sikuwa na la kumpinga, huyo alikuwa na haja nayo.

Blenda ilikuwa jambo jingine. Kwa miezi minane sikuwahi kuipata chini ya 85,000, na jana ilikuwa 68,000. Nikaomba ichomekwe niione inazunguka, nikaangalia kama kikombe kina ufa, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana bila risiti hiyo waranti ya mwaka mmoja ni karatasi tupu. Muuzaji alisita kidogo, akaitoa. Nikalipa. Ramadhani inakuja na juisi za futari zitatoka hapo.

Nilikuwa natoka nilipoviona viatu vya watoto vyenye taa kisiginoni. 18,000, kutoka 30,000. Binti yangu mdogo ameviomba tangu mwezi wa sita. Havikuwemo kwenye daftari, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. Nikavishika muda mrefu, na nilikuwa na 42,000 mkononi. Mwishowe nikatoka nikaulizia kwenye fremu tatu za mbele. Wa kwanza 20,000, wa pili 17,000, wa tatu 15,000. Hata hivyo sikununua. Idi ni mwezi wa nne, na mguu wa mtoto wa miaka sita hausubiri miezi minne. Nimeviandika tu. Nilipofika nyumbani akaniuliza kama nilikwenda Kariakoo, nikamwambia ndiyo, nimekwenda, viatu vyako nimeviona na tutavinunua Idi ikikaribia. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kunanisumbua mpaka sasa ninapoandika.

Jioni nilimpigia mama mkubwa. Yeye hapendi hata jina la siku yenyewe. "Ijumaa ni siku tukufu, mwanangu, inakuwaje nyeusi?" Nikamweleza kwamba ni jina la Marekani, siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, na kwamba nchi za Ghuba wafanyabiashara wengi wanaiita Ijumaa Nyeupe. Hilo likamridhisha kidogo.

Yeye ndiye aliyekuwa na daftari kabla yangu, ila lake liko kichwani. Amelea watoto saba kwa biashara ya vitumbua, na kitambaa cha Idi hununua Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani. Kumi la mwisho la Ramadhani, anasema, muuzaji anajua kabisa kwamba huwezi kurudi nyumbani mikono mitupu, na bei anaipanga kwa kukutazama usoni. Rajabu hakuna anayekukimbiza. Kitambaa kinakaa sandukuni, fundi naye hajalemewa, kwa hiyo anashona vizuri na kwa bei yake ya kawaida. Viatu peke yake ndivyo anavyoviacha mpaka Shaabani iishe, na nilipomwambia nimeviacha viatu vyenye taa alicheka kwa furaha, akaniombea dua.

Kibubu kina 214,000 baada ya jana, sina deni kwenye simu, na Januari nimeshaitengea 120,000 kwenye bahasha ya sare na madaftari. Rajabu inaandama katikati ya Januari. Mama mkubwa amesema nimpitie Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuandama, saa moja asubuhi, twende Mtaa wa Kongo kabla jua halijakuwa kali. Anataka na yeye alione daftari.