Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa KIEMS, Lamu, 9 Agosti 2022

Saa kumi alfajiri. Tumelala darasani na vifaa vya uchaguzi, hapa mtaa wa Langoni. Chai ya rangi, mahamri ya jana, swala, basi.

Saa kumi na mbili kasoro. Msimamizi wa kituo anawaonyesha mawakala wa wagombea masanduku sita matupu, kuanzia la rais hadi la mwakilishi wa wadi, kisha anayafunga kwa lakiri. Namba za lakiri zasomwa kwa sauti, mawakala waandika. Mimi nawasha KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Kazi yangu ni kujua kama aliye mbele yangu ndiye mwenye kitambulisho alichonipa.

Saa mbili. Foleni imefika nje ya lango. Mtu anatoa kitambulisho au pasipoti, ile ile aliyojiandikishia, anabonyeza kidole, picha yake inatokea. Akina mama waliovaa nikabu wananifunulia mimi, mgongo ukielekea mlangoni. Haichukui hata dakika, na sijasikia mmoja akilalamika. Wanaolalamika ni wanaume walio nyuma yao, tena kwa foleni.

Saa nne. Mzee fundi wa chokaa. Kidole gumba, mashine kimya. Shahada, kimya. Namfuta kwa kitambaa chenye maji, tunajaribu vyote kumi. Ngozi ya ncha za vidole imelainika kama kigae cha bafu, haina hata mstari. "Zidole zangu zishiye kwa chokaa, mwanangu," aniambia akicheka. Msimamizi akaita mawakala, tukaingiza namba ya kitambulisho, picha ikatokea, tukajaza Fomu 32A, ile ya mtu ambaye mashine imekataa vidole vyake, mzee akapiga kura. Hapa mjini mafundi na wavuvi ni wengi, kwa hiyo fomu hizo hazikukaa sana mezani.

Saa saba. Kijana amekuja na kitambulisho cha nduguye. "Yuko baharini, kaniambia nimpigie kura." Kasema wazi kabisa, kama aliyetumwa unga dukani! Sura wanafanana, ningekuwa naangalia kadi tu pengine angepita. Kidole kikakataa. Msimamizi alimvuta kando akamweleza kuwa hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Alitoka jasho likimtiririka.

Saa tisa. Huyu ndiye aliyenichosha. Bibi wa mtaa wetu, kitambulisho kimepotea, mkononi ana karatasi ya kusubiri kipya. Haikubaliki. Mawakala wote, hata wale waliokuwa wakitupiana maneno tangu asubuhi, wakasema kwa pamoja: "Huyu twamjua!" Hata mimi namjua, amenilea. Lakini kijana wa saa saba naye kuna waliomjua na wakanyamaza. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, siwezi." Akanijibu nisimsalimie tena.

Saa kumi na moja. Lango limefungwa, waliokwishakuwa kwenye foleni wanamaliziwa. Mwaka 2013 mashine za kutambua wapiga kura zilizimika vituo vingi, betri zikaisha. Leo yetu imefika jioni.

Usiku. Idadi ya waliotambuliwa na mashine inalinganishwa na karatasi zilizotolewa. Kura zahesabiwa mbele ya mawakala, Fomu 34A, ya matokeo ya urais, yatiwa saini, yapigwa picha na kutumwa kwa KIEMS ile ile. Kesho nampelekea bibi samaki. Akikataa, nampa mjukuu wake ampikie.