Majibu Yako Sawa, Mwili Hauko Sawa

Karatasi ya maabara ya kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni, inasema TSH 3.6, na pembeni imeandikwa mipaka: 0.4 hadi 4.5. Hakuna nyota, hakuna mshale. Daktari anaitupia jicho, anasema thairoidi haina neno, anaandika vitamini. Mgonjwa anarudi nyumbani na uchovu uleule, choo kigumu, nywele zinazobaki kwenye kitana, na uzito unaopanda ilhali sahani haijaongezeka.

Kabla ya kumlaumu daktari, na kabla ya kujitangazia ugonjwa, isome ile karatasi vizuri. TSH ni homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi; tezi ikilegea, TSH hupanda. Mipaka ile hupatikana kwa kupima kundi la watu wanaohesabiwa kuwa wazima, kisha kukata asilimia 2.5 kila upande. Kinachobaki katikati ni kawaida ya watu wengi, wala si lazima iwe kawaida yako. Kila mtu ana kiwango chake, na huchezea eneo jembamba kuliko mipaka ya maabara. Aliyezoea 1.2 akifika 3.8 amesogea mbali, na karatasi haitasema kitu. Ndiyo maana majibu ya miaka iliyopita yana thamani: yatafute, yapige picha, uende nayo. Ila angalia vizio, yaani herufi zinazofuata namba. T4 huru, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, huandikwa pmol/L hapa na ng/dL pale. 1 ng/dL ni karibu 12.9 pmol/L, kwa hiyo 1.0 ya maabara moja na 13 ya nyingine ni kitu kimoja. Mashine nazo hutofautiana, kwa hiyo kurudia kipimo ni vyema kufanyike maabara ileile.

Saa nayo ina maneno yake. TSH hupanda usiku na alfajiri, hushuka mchana. Mtu wa Likoni aliyekwama kwenye foleni ya feri, akasubiri zamu yake, akatolewa damu saa tisa alasiri, anaweza kupata namba ndogo kuliko ambayo angeipata asubuhi ya siku hiyohiyo. Toa damu kabla ya saa tatu asubuhi, na safari nyingine iwe saa ileile.

Halafu kuna homa. Pwani hatukosi malaria, dengi wala chikungunya, na mwili unapopambana na ugonjwa mkali TSH hushuka, kisha ukipata nafuu hupanda kwa muda. Kipimo cha siku hizo kinapotosha pande zote mbili. Subiri kama wiki 6 baada ya kupona, isipokuwa daktari ana sababu ya haraka. Na ukumbuke kwamba chikungunya yenyewe huacha viungo vikiuma na mwili ukiwa mzito kwa miezi; si kila uchovu baada ya homa ni wa tezi.

Kosa ambalo naona halitajwi vya kutosha ni vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini, ya mikrogramu 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama gundi ya kunasia kinachopimwa, na ikizidi kwenye damu hesabu huvurugika: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, T4 huru husomeka juu. Yaani mwenye upungufu wa homoni ya tezi anaweza kuonekana mzima kabisa. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kipimo, na mwambie mtoa damu kuwa huwa unavitumia. Dawa za jamii ya steroidi pia hushusha TSH. Zitaje zote, hata zile ulizopewa na mtu wa dukani bila karatasi.

Jambo la pili la kuuliza: walipima nini hasa? Mara nyingi ni TSH peke yake. TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi. Pituitari ikiwa ndiyo mgonjwa, amri haitoki, na TSH hubaki kwenye mipaka huku T4 ikiwa chini. Mwanamke aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka na hedhi isirudi, asikubali TSH pekee. Sema tu: “Daktari, nilivuja damu nyingi nilipojifungua, naomba T4 huru ipimwe pamoja na TSH.”

Uzazi una mtego mwingine. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, tezi ya baadhi ya wanawake huvimba: kwanza humwaga homoni nyingi, baadaye huishiwa. Katikati ya juu na chini inapita kwenye kawaida. Damu ikichukuliwa siku za kupita hapo, majibu ni mazuri, na mama huambiwa ni uchovu wa kulea. Rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Mjamzito, au anayetafuta mimba, ana mipaka yake, asisomewe ya watu wote.

Kipimo cha tatu ni kingamwili za TPO, zinazoonyesha kama mwili unaishambulia tezi. Zinaweza kuwepo miaka mingi kabla TSH haijapanda. Utafiti wa Whickham, Uingereza, uliofuatilia watu kwa miaka 20, ulionyesha kuwa wanawake wenye kingamwili hizi pamoja na TSH iliyopanda waliingia kwenye upungufu kamili kwa kiasi cha asilimia 4 kila mwaka; wenye kingamwili pekee, karibu asilimia 2. Hiyo si sababu ya kuanza dawa leo. Ni sababu ya kupima kila mwaka.

Maelezo yako nayo yana kazi. Swali la vitabuni ni “unahisi baridi?” Mwezi wa Machi Mombasa, nyuzi 32, nani atasema ndiyo? Eleza mambo yanayoonekana: kwamba wewe ndiye unayezima feni wenzako wakilalamika, kwamba matatu ya Kongowea adhuhuri haikutoi jasho, kwamba unalala na blanketi. Andika mapigo ya moyo kabla hujaamka kitandani, kwa dakika nzima, wiki 2 mfululizo. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka na koo ni wa kuonyeshwa daktari hata kama damu ni safi.

Sasa, ikiwa yote hayo yamefanyika na majibu bado ni mazuri, mara nyingi tezi haina kosa. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo. Omba ferritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, kwa sababu hemoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba hiyo imekwisha; chini ya 15 mikrogramu kwa lita akiba haipo. Homa au uvimbe huipandisha ferritini kwa uongo, kwa hiyo nayo isipimwe ukiwa mgonjwa. Sukari, figo, vitamini B12, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na huzuni ya muda mrefu vyote huiga thairoidi.

Usijitibu. Mwani wa Kibuyuni, Kwale, ni mzuri, lakini unga wake unywewao kila siku huleta madini joto bila kipimo, na yakizidi yanaweza kuilemaza tezi ileile unayotaka kuiponya. Kumeza levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, ya jirani ni hatari zaidi: dozi kubwa huvuruga mapigo ya moyo na kupunguza uzito wa mifupa. Hata kwa wale ambao TSH yao imepanda kidogo faida haina uhakika. Mwaka 2017 utafiti wa watu 737 wenye miaka 65 na zaidi, TSH juu na T4 sawa, haukuona nafuu ya dalili kwa waliopewa dawa.

Ukiandikiwa levothairoksini na daktari, meza kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chochote. Kahawa na chai ya maziwa zisubiri. Vidonge vya chuma na kalsiamu viachane nayo kwa saa 4. Ramadhani, meza ukiamka kwa ajili ya daku kisha usubiri nusu saa, au wakati wa kulala, saa 3 baada ya kula mara ya mwisho. Chagua moja, usibadilishe, na pima TSH tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo namba bado haijatulia.